Siku ya Kwanza Kidato cha Kwanza: Maandalizi Yanaanza Lini?



Somo la robo hii linahusu siku moja tu katika mwaka: ile siku ya Januari ambayo mtoto aliyemaliza elimu ya msingi anarudi shule na kuingia kidato cha kwanza. Kwa familia nyingi ni siku ya furaha. Hata hivyo ni siku ambayo baadhi ya watoto waliofaulu na kuchaguliwa hawaonekani. Jina limo kwenye orodha ya shule, nafasi ipo, ada haidaiwi, lakini mtoto hayupo. Wengine hufika Februari. Wengine hawafiki kabisa.

Kamati za parokia huchangisha, huandika barua kwa wahisani, hununua sare na madaftari. Kazi hiyo ni njema. Lakini katika somo hili tunapenda tulitazame swali moja ambalo vikao vyetu hulipita haraka: msaada unamfikia mtoto lini? Sare inayofika Machi si msaada ule ule na sare iliyofika Desemba, hata kama kitambaa ni kile kile na bei ni ile ile.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, kamati iweze:

1. Kueleza kwa nini mtoto aliyechaguliwa anaweza kuikosa siku ya kwanza ingawa hadaiwi ada.
2. Kueleza kwa nini wiki za mwanzo za kidato cha kwanza hazifidiki kwa urahisi.
3. Kupanga kazi zake kwa kufuata kalenda ya shule na ya mavuno, badala ya kusubiri Januari.

1. Ada imefutwa, gharama zimebaki

Tuanze na mambo ambayo kila mwanakamati anapaswa kuyajua. Kwa Tanzania Bara, ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza kutekelezwa mwaka 2002. Kuanzia Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 hatua hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni hatua kubwa, na matokeo yake yanaonekana katika wingi wa watoto wanaoingia sekondari.

Lakini kufutwa kwa ada hakumaanishi kwamba mzazi hana la kununua. Fomu ya kujiunga anayopewa mwanafunzi mpya huorodhesha mahitaji: sare mbili, sweta, viatu vyeusi na soksi, kaunta buku kwa kila somo, kalamu, mkebe wa hesabu, begi, picha ndogo za mwanafunzi, na fomu ya afya ya kujazwa na daktari. Shule nyingi huongeza vifaa vya kazi kama jembe, fyekeo, ufagio au ndoo, na mara nyingine rimu ya karatasi. Kwa mwanafunzi wa bweni kuna godoro, shuka, chandarua na sanduku. Kwa wa kutwa kuna mchango wa chakula ambao wazazi hukubaliana katika kikao.

Ukitazama kitu kimoja kimoja, kila kimoja kinawezekana. Ugumu ni kwamba vyote vinatakiwa kwa wakati mmoja, na wakati wenyewe ni Januari.

Katika mikoa mingi yenye msimu mmoja wa mvua, Januari shamba liko katikati ya palizi. Mahindi ya mwaka uliopita yamepungua ghalani, mapya bado mabichi. Fedha iliyopatikana baada ya mavuno ya Juni na Julai imekwisha kutumika kwa mbegu, mbolea, matibabu, na Krismasi. Hivyo shule hudai mahitaji katika mwezi ambao kaya ya mkulima haina kitu mkononi. Kwa hiyo mzazi anayeshindwa Januari huenda angeweza Julai, kama angekumbushwa.

2. Miezi minne ya hatari

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa kawaida hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati kuna takribani miezi minne ambayo mtoto wa miaka 13 au 14 hana kengele ya kumwamsha, hana mwalimu anayemuuliza alikuwa wapi jana, na nyumbani anaonekana amekwisha kuwa mtu mzima.

Katika miezi hiyo msichana huchukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani, kwa ahadi kwamba "atarudi shule ikifunguliwa". Mvulana huanza kuchunga ng'ombe wa watu, kuuza maji, kubeba mizigo sokoni, kwenda ziwani au machimboni. Anapata fedha yake ya kwanza. Fedha hiyo ni ndogo, lakini kwake ni kubwa, na huenda ndiyo inayonunua chumvi na sabuni nyumbani. Januari inapofika, swali halihusu sare peke yake. Familia inajiuliza pia nani ataziba pengo la kipato hicho.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini, nalo ni vyema tuliseme wazi. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto aandike vibaya kwenye mtihani kwa makusudi, ili asichaguliwe na familia isiingie gharama. Vyombo vya habari na viongozi wa elimu wamelizungumzia jambo hili mara nyingi. Tukitaka kulizuia, hatuwezi kusubiri orodha ya waliochaguliwa, kwa sababu mtoto huyo hatakuwemo kwenye orodha. Uamuzi umefanyika Agosti, jikoni, kabla ya mtihani.

Hapo ndipo tunapoona kwamba siku ya kwanza ya Januari huandaliwa miezi mitano au sita kabla. Kamati inayoanza kazi Januari inakuta mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

3. Siku yenyewe ilivyo

Ni vyema wanakamati waifuate siku hiyo kwa macho ya mtoto, kwa kuwa wengi wetu tumesahau ilivyo.

Shule ya msingi ilikuwa kijijini. Shule ya sekondari ni ya kata, na kata moja ina vijiji kadhaa. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kutembea dakika kumi sasa huenda akatembea saa moja au zaidi, akiondoka kungali giza. Kama kuna mto njiani, Januari ni mwezi wa mvua. Kwa msichana, njia ndefu ya alfajiri na ya jioni ni hatari ya kila siku. Ndiyo sababu baadhi ya wazazi huwapangishia watoto chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi hukiita geto. Mtoto wa miaka 14 anaishi peke yake au na wenzake, anajipikia, bila mtu mzima wa kumwangalia. Kila kamati inajua yanayoweza kufuata.

Mtoto anafika. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanamwita njuka. Alikuwa mkubwa wa shule, labda kiranja, leo ni mdogo kuliko wote. Mstarini anajitazama na kuwatazama wenzake. Mwenye sare ya zamani ya shule ya msingi anajulikana kutoka mbali. Mwenye kandambili anajaribu kusimama nyuma.

Viongozi wa serikali wamewahi kuwaagiza wakuu wa shule wampokee mwanafunzi hata kama hana sare, ili mzazi apate muda wa kuitafuta. Kamati ziwaeleze wazazi hivyo: mpelekeni mtoto shule siku ya kwanza na alichonacho. Lakini tusidhani kwamba agizo hilo linamaliza tatizo. Mlango unaweza kuwa wazi na mtoto akabaki nje kwa aibu. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuvumilia njaa hadi saa tisa, lakini kuchekwa mbele ya darasa zima ni jambo jingine. Wapo wanaoaga nyumbani asubuhi, wakashinda njiani, wakarudi jioni na wenzao. Mzazi anaamini mtoto yuko shule, na shule inaamini mtoto hajaripoti.

Ndani ya darasa kuna swali la kiti na meza, la nani atakaa na nani, na la kitabu kitakachosomwa na wangapi. Mchana kuna swali la chakula. Kama wazazi wa shule hiyo wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage, mtoto ambaye kaya yake haijapeleka debe lake anaweza kujiondoa mwenyewe kwenye foleni ya uji kabla hajaondolewa na mtu.

4. Lugha: daraja ambalo halingoji

Sasa tuje kwenye sababu kubwa inayofanya kuchelewa kuwe na madhara kuliko wengi wanavyofikiri.

Katika shule za msingi za serikali, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na machache mengine. Maana yake ni kwamba mtoto aliyejua vizuri usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula na eneo la pembetatu, Januari anakutana na mambo yale yale yakiwa na majina ambayo hajawahi kuyasikia. Hajawa mjinga ndani ya miezi minne. Lugha ndiyo imebadilika.

Shule zinajua jambo hili. Ndiyo maana kidato cha kwanza huanza na wiki kadhaa za mafunzo ya utangulizi ya Kiingereza, kabla ya masomo ya kawaida kushika kasi. Katika wiki hizo mwalimu hufundisha taratibu, hurudia, huruhusu makosa, na darasa zima linababaika pamoja. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa sababu wote wako sawa.

Mtoto anayefika wiki ya sita analikuta daraja hilo limekwisha kuvukwa. Walimu wamehamia kwenye Fizikia na Biolojia. Wenzake wamepata vikundi vya kusomea na wamezoea maneno ya kila siku ya darasani: fungueni ukurasa, chora mchoro, toa sababu. Yeye anasikia sauti tu. Anakaa kimya. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuuchukulia ukimya huo kuwa uvivu au uzito wa kuelewa, na mtoto mwenyewe anaanza kuamini hivyo. Kufikia likizo ya Juni amejihesabu miongoni mwa walioshindwa, na kuacha shule kunakuwa hatua fupi.

Hii ndiyo sababu tunasema sare ya Machi si sawa na sare ya Desemba. Mtoto aliyesubiri viatu nyumbani amekosa zile wiki ambazo shule ilikuwa imeziweka maalumu kwa ajili ya mtu kama yeye. Viatu vinaweza kununuliwa baadaye. Wiki zile hazirudi hadi Januari nyingine, na wakati huo zinakuwa za watoto wengine.

Kamati inaweza kusaidia hata katika hili. Katika miezi ya Oktoba hadi Desemba, vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita wako nyumbani. Ukumbi wa parokia mara nyingi uko wazi siku za kazi. Saa mbili kwa siku, mara tatu kwa wiki, maneno ya kawaida ya darasani, majina ya masomo, kusoma kwa sauti: hayo yanatosha kumpunguzia mtoto hofu. Aidha, mtoto anayekuja ukumbini mara tatu kwa wiki anaonekana. Akikosekana wiki mbili, kamati itajua mapema kwamba amepelekwa mjini.

5. Madarasa mengine nayo yana siku yake

Tumekazia kidato cha kwanza, lakini kamati isisahau wengine wanaoanza darasa jipya.

*Darasa la Kwanza.* Mtoto ambaye hakupitia darasa la awali anakutana na kukaa, kupanga mstari na kushika penseli kwa siku moja, katika darasa ambalo huenda lina watoto wengi mno. Mzazi au bibi amsindikize wiki nzima ya kwanza ikiwezekana, na cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema.

*Kidato cha Tatu.* Hapa wanafunzi huanza kutengana kwa masomo ya sayansi, sanaa au biashara. Wasichana wengi hukatishwa tamaa ya sayansi kwa neno moja la utani. Mtu mzima mmoja anayemwambia "unaweza" kabla ya siku hiyo ana thamani kubwa.

*Wanaorudi baada ya kukatiza masomo.* Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, warudi katika mfumo rasmi wa shule. Waraka upo. Lakini mama kijana anayerudi anaingia darasa la watoto wadogo kwake, akiwa amemwacha mtoto mchanga nyumbani. Maswali yake ya siku ya kwanza ni mawili: nani anakaa na mtoto wangu, na nani atanisema? La kwanza kamati inaweza kulipangia pamoja na familia. La pili linategemea sisi tunavyoongea njiani baada ya ibada.

*Wasiochaguliwa.* Wapo ambao majina hayakutoka. Nao wana Januari yao. Kamati iwe na taarifa za vyuo vya ufundi, hasa VETA, ili mtoto asiambiwe tu kwamba safari yake imeishia hapo.

6. Kalenda ya kazi ya kamati

Tunapendekeza kalenda ifuatayo. Kila kamati iirekebishe kulingana na msimu wa mavuno wa eneo lake.

*Juni na Julai.* Mavuno yapo. Hamasisheni kaya zenye mtoto wa darasa la saba ziweke akiba, iwe ya fedha au ya gunia lililotengwa. Haba na haba hujaza kibaba: kaya inayoweka shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 26, tangu Julai hadi Desemba, inakuwa na shilingi 52,000. Hazimalizi mahitaji yote, lakini kaya hiyo haianzi na sifuri.

*Agosti.* Pateni kwa mwalimu mkuu majina ya watoto wa darasa la saba wa eneo lenu. Wanakamati wawili wawili watembelee kila kaya, hata zile ambazo hazijawahi kuomba msaada. Hapa ndipo pa kuzungumza na mzazi anayeogopa gharama, kabla ya mtihani. Ujumbe uwe mmoja: mwache mtoto aandike anachokijua, mengine tutayatafuta pamoja.

*Septemba na Oktoba.* Ulizeni kila mtoto atakuwa wapi hadi Januari. Anayetaka kupelekwa mjini, familia ielezwe hatari zake. Anzeni masomo ya ukumbini.

*Novemba.* Wanafunzi wa kidato cha nne wanamaliza mitihani yao. Sare zao, sweta, mikebe na vitabu vinabaki bila kazi, na shule ni ile ile ya kata. Ziombeni familia hizo mapema, kabla nguo hazijageuka za shambani. Sare kubwa hupunguzwa na fundi cherehani kwa gharama ndogo kuliko kushona mpya. Zile mpya nazo zishonwe sasa, fundi akiwa hana foleni, na ziachwe pindo pana ili mtoto akikua ziongezwe.

*Desemba.* Orodha ya waliochaguliwa inapotangazwa, hakikisheni kila mtoto amepata fomu yake ya kujiunga na kuna mtu wa kuisoma pamoja na mzazi asiyejua kusoma. Fomu ya afya na picha zishughulikiwe kabla ya sikukuu.

*Januari, wiki ya kwanza.* Mwanakamati mmoja aende shuleni siku ya tatu, amwone mkuu wa shule kwa heshima, na kulinganisha majina. Ambaye hajaripoti afuatwe nyumbani siku hiyo hiyo. Wasichana wanaotembea mbali wapangwe kutembea kwa makundi. Wanaoishi geto wajulikane kwa majina, na awepo mama mmoja jirani aliyekubali kuwatazama.

*Machi.* Hesabuni tena. Nani yuko darasani, na nani ameacha?

7. Wahitaji ni wengi, fedha ni chache: tufanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Tuseme orodha ina watoto 11 na mfuko unatosha vifurushi kamili vitano. Kamati nyingi huchagua watano, na hapo huanza manung'uniko: kwa nini wa fulani, kwa nini si wetu?

Tunapendekeza njia nyingine. Badala ya kuuliza ni watoto gani wasaidiwe, ulizeni kila kaya: ni kitu gani hasa kitakachomfanya mtoto huyu abaki nyumbani siku ya kwanza? Kaya moja itasema ni viatu. Nyingine ina kila kitu isipokuwa nauli ya kumrudisha mtoto kutoka kwa shangazi yake. Nyingine haina debe la mahindi. Kwa msichana fulani ni taulo za kike, jambo ambalo hatamwambia mzee wa kamati, bali atamwambia mama anayemwamini. Ukiorodhesha kinachokosekana badala ya kifurushi kizima, mara nyingi fedha za watano huwafikia tisa au kumi.

Watabaki wachache ambao hawana chochote kabisa, hasa watoto wanaolelewa na bibi mzee au wanaoishi wenyewe. Hao wapewe kifurushi kamili bila kuoneana haya, na jumuiya ielezwe kwamba kipimo kilikuwa hitaji, si udugu. Kipimo hicho kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla majina hayajatajwa. Majina yakitangulia, kipimo hufuata majina.

8. Neno kwa wahisani wetu

Wahisani wapendwa, mchango wenu ndio unaoziba pengo ambalo jumuiya haliwezi peke yake. Tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, tumeni mapema. Fedha inayofika Oktoba inamkuta fundi ana nafasi na mtoto yuko kijijini. Kiasi kile kile kikifika Februari kinanunua vitu vile vile, lakini mtoto amekwisha kukosa wiki za utangulizi.

Pili, acheni vitu vinunuliwe karibu na mtoto. Viatu vilivyoletwa bila kipimo huishia kuvaliwa na mdogo wake au kuuzwa. Sare iliyoshonwa na fundi wa kijijini inamkaa mtoto, na fedha inabaki kijijini.

Tatu, msituombe picha za watoto wakipokea sare mbele ya kanisa. Mtoto aliyefichiwa aibu yake Desemba, akaingia darasani Januari kama wenzake, hana sababu ya kusimamishwa mbele za watu Februari ili ijulikane alikuwa hana. Tuulizeni badala yake swali la Machi: kati ya watoto mliowasaidia, wangapi wako darasani leo? Idadi ya sare zilizogawiwa inaonyesha fedha ilikwenda wapi. Swali la Machi linaonyesha kama ilifanya kazi.

9. Januari 2028

Mwisho, kuna jambo ambalo kila kamati inapaswa kulijua mapema. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, ikijumuisha minne ya sekondari. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo, waliowatangulia kwa darasa moja wanamaliza darasa la saba.

Hivyo Januari 2028 makundi mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Kaya yenye watoto wawili waliofuatana itahitaji sare za wawili mwezi mmoja. Fundi atakuwa na kazi maradufu. Baadhi ya watoto watakuwa wadogo zaidi kwa mwaka mmoja, na njia ya kwenda shule ni ndefu ile ile. Serikali ina sehemu yake ya madarasa na walimu. Sehemu ya kamati ni kujua majina ya watoto hao, darasa kwa darasa, na kuanza akiba katika mavuno yaliyotangulia.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Januari iliyopita, ni watoto wangapi wa eneo letu waliochaguliwa, na wangapi walikuwa darasani wiki ya kwanza? Kama hatujui, nani atatuambia?
2. Katika parokia yetu, watoto wa darasa la saba hufanya nini kati ya Septemba na Januari?
3. Ni kaya zipi ambazo hazijawahi kuja kuomba, lakini tunajua zina shida? Nani atazitembelea?
4. Msichana aliyejifungua akitaka kurudi shule kesho, atasikia nini kutoka kwetu?
5. Kipimo chetu cha kuchagua wa kusaidiwa kimeandikwa wapi?

Kazi ya kufanya

Kabla ya toleo lijalo, kila kamati iandike kwenye karatasi moja majina ya watoto wote walio darasa la mwisho la shule ya msingi katika eneo lake, na mbele ya kila jina iandike kitu kimoja kinachoweza kumzuia asiingie darasani siku ya kwanza. Karatasi hiyo ibaki kwa katibu wa kamati na isibandikwe ukutani. Kikao kijacho kianze kwa kuisoma.